Je, Dawa za Presha Humaliza Kinga ya Mwili?

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini. Mara nyingi hawaniulizi wakiwa wameketi. Huniuliza wakishapimwa, wamekwisha simama, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango: "Sista, ni kweli hizi dawa za presha zinamaliza kinga?"

Nitakujibu kwanza, halafu nikueleze. Dawa za presha tunazotoa katika zahanati na hospitali zetu hazimalizi kinga ya mwili. Lakini jibu hilo fupi halitoshi, na nikikuacha nalo utaenda nyumbani bado una wasiwasi. Kuna dawa chache za presha ambazo hugusa kinga kwa namna fulani, kwa watu wachache. Kuna nyingine huleta kikohozi ambacho unaweza kudhani ni kifua kikuu, na mimi mwenyewe nimewahi kukosea hapo. Basi vuta kiti.

Nianze na mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia, muuzaji wa viazi upande wa Njoro. Alipokuja mara ya kwanza presha yake ilikuwa 190 juu na 110 chini. Tulimwanzishia vidonge, akavimeza vizuri, na baada ya miezi michache alikuwa akisoma 130 hivi. Alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, hakuonekana kliniki. Tulidhani anaogopa msongamano, kwa maana wengi waliogopa. Mwezi wa saba wanawe walimleta akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha probox, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umeenda upande. Ilikuwa ni kiharusi. Yuko hai hadi leo, anatembea kwa mkongojo, lakini maneno hutoka polepole na viazi anauza bintiye.

Baadaye nilimwuliza, "Mama, kwa nini uliacha dawa?" Alinieleza kwamba aliambiwa na jirani kuwa dawa za presha zinafungulia korona mlango, zinaua kinga, na mtu anayezimeza akishikwa hatapona. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Jirani yule hakulitunga jambo lile kutoka hewani.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Kirusi cha korona kinapoingia mwilini hushikamana na kitu fulani kilicho juu ya chembe zetu, mfano wa kufuli ambayo kirusi kina ufunguo wake. Wanasayansi huita kufuli hiyo ACE2. Sasa, kuna ukoo mzima wa dawa za presha unaofanya kazi katika mfumo huo huo wa mwili. Ni enalaprili, kaptoprili na ndugu zao, na pia losatani na ndugu zake. Ukitazama pakiti yako na jina liwe linaishia na "pril" au "sartan," umo katika ukoo huo. Mwezi wa Machi 2020, wakati Kenya ilikuwa inatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, baadhi ya madaktari wa ng'ambo waliandika wakiuliza: je, yawezekana dawa hizi huongeza kufuli hizo, na hivyo kumrahisishia kirusi kazi? Lilikuwa swali tu, na swali zuri. Lakini lilipofika kwenye simu za watu lilikuwa limegeuka kuwa habari kamili, na lilipofika sokoni lilikuwa amri.

Siku chache tu baadaye vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilitoa taarifa kwamba wagonjwa wasiache dawa zao. Halafu utafiti ukafanywa wa kulijibu swali lenyewe. Huko Brazil walichukuliwa wagonjwa 659 waliokuwa wamelazwa kwa korona na ambao walikuwa wakitumia dawa hizi za "pril" na "sartan." Kwa kura, nusu wakaambiwa waziache kwa siku 30 na nusu waendelee. Matokeo yalichapishwa Januari 2021, na hapakuwa na tofauti. Walioendelea hawakuwa wabaya kuliko walioacha. Utafiti mwingine uliofanywa katika nchi kadhaa, nao ulipata jibu hilo hilo. Kwa hivyo swali liliulizwa na likajibiwa. Taabu ni kwamba jibu halikutembea kwa kasi ya swali. Mama wa viazi alishaanguka miezi mingi kabla.

Kuna sababu ya pili ya uvumi huu, na hii ni ya kwetu hapa, haikutoka ng'ambo. Tangu miaka ile ya 2000 ambapo dawa za ARV zilianza kupatikana kwa wingi, watu wetu wamezoea kwamba kidonge kinachomezwa kila siku, maisha yote, bila kuruka, kina habari na kinga. Mtu akimwona jirani ana kopo la vidonge vya kila siku, moja kwa moja anafikiria kinga. Najua wazee hapa Nakuru ambao huficha vidonge vya presha ndani ya soksi, wasije wakaonekana na wakwe. Najua pia mwalimu mmoja aliyekuwa akimeza vyake chooni. Mpenzi msikilizaji, kidonge cha presha ni cha kila siku kwa sababu presha yenyewe iko kila siku. Hakuna zaidi ya hapo. Kingine, mtu akisikia "usiache ghafla," hudhani mwili umeshakuwa mtumwa wa dawa na umeacha kujilinda. Sivyo. Ukiacha, presha hurudi pale ilipokuwa, na kwa dawa kama atenololi, kuacha kwa ghafla kunaweza kuusumbua moyo.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kinga ya mwili ni nini? Ndani ya damu yako kuna chembe nyeupe, nao ni askari wako. Hutengenezwa hasa katika uboho wa mifupa, huzunguka mwilini wakitafuta wadudu wa magonjwa. Kuna wanaomeza wadudu, kuna wanaotengeneza silaha za kinga, na kuna wanaokumbuka adui wa zamani. Dawa zinazomaliza kinga ni zile zinazopunguza askari hao au kuwafunga mikono. Dawa za saratani nyingi hufanya hivyo. Dawa za mtu aliyepandikizwa figo pia, kwa makusudi, ili mwili usiikatae figo ya mwingine. Na prednisoloni au deksamethasoni zikitumiwa kwa muda mrefu hufanya hivyo. Dawa za presha kazi yake ni nyingine: kulegeza mishipa, kupunguza maji na chumvi, au kutuliza mapigo ya moyo.

Lakini jambo la kushangaza, ambalo mimi sikufundishwa chuoni, ni kwamba presha yenyewe ina uhusiano na askari hao. Mwaka wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, Marekani, walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila aina fulani za chembe nyeupe hawakupandwa na presha kama panya wengine walipodungwa homoni ya kupandisha presha. Walipoongezewa chembe hizo, presha ikapanda. Maana yake ni kwamba presha ikikaa juu, askari wengine huingia kwenye kuta za mishipa na kwenye figo na kuanza vita mahali pasipo adui. Mishipa huvimba kwa ndani, hukakamaa, na presha huzidi. Homoni inayohusika inaitwa anjiotensini, na ndiyo hasa ambayo dawa za "pril" na "sartan" huzuia. Kwa hivyo dawa hizi huituliza vurugu ile ndani ya mishipa, lakini haziwaondoi askari kazini. Ukipata kidonda, kitapona. Ukipata homa ya mafua, utaishinda kama mtu mwingine.

Nilisema ziko chache zinazogusa kinga, na sitakuficha. Kaptoprili, kwa nadra sana, inaweza kupunguza chembe nyeupe. Kwa mtu mwenye figo nzima na asiye na ugonjwa kama lupusi, ambapo kinga huushambulia mwili wenyewe, jambo hili lilionekana kwa mtu mmoja kati ya zaidi ya 8,600. Kwa mwenye figo dhaifu ni karibu mmoja kati ya 500. Kwa mwenye figo dhaifu na ugonjwa wa aina ya lupusi pamoja, hapo ni karibu wanne kati ya 100, na ndiyo sababu daktari hukuuliza maswali mengi na kupima damu yako kabla ya kukuandikia. Kwa kawaida huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, na dawa ikisimamishwa chembe hurudi kwa muda wa wiki mbili hivi. Dalili ni homa na koo lenye vidonda visivyoisha. Ukiziona, njoo upimwe damu.

Metildopa, ambayo kina mama wajawazito wengi huijua kwa jina la Aldomet, inaweza kuufanya mwili utengeneze silaha dhidi ya chembe zake nyekundu. Kwa wengi wa wanaopatwa na hali hiyo ni jambo la kuonekana maabara tu, halimdhuru mtu. Kwa wachache sana damu hupungua, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Hidralazini nayo, ikitumiwa kwa wingi kwa miezi mingi, inaweza kuleta maumivu ya viungo na homa yanayofanana na lupusi, na huisha dawa ikiachwa. Mama mjamzito, usiitupe Aldomet yako kwa kuyasikia haya. Kifafa cha mimba kinaua, na Aldomet ni ya miaka mingi na imesaidia wengi. Hizo "pril" na "sartan" ndizo mjamzito hapaswi kumeza, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Ukijua una mimba na unazitumia, usisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa kikohozi. Nilikuwa na mgonjwa, dereva wa lori aliyekuwa na makao Salgaa, tukimpa enalaprili. Alikuja akilalamika kikohozi kikavu, koo linamwasha, usiku halali. Akapewa antibiotiki. Mwezi uliofuata akarudi na kikohozi kile kile, akapimwa makohozi, hakuna kifua kikuu. Akapewa antibiotiki nyingine. Mara ya tatu alikuja amekonda kwa mawazo, kwa sababu wenzake barabarani walianza kusema "kinga imeisha huyo." Hata alipimwa virusi vya UKIMWI mara mbili, hana. Ni afisa wa kliniki mgeni aliyemwuliza swali moja: "Unameza dawa gani?" Enalaprili ikabadilishwa ikawa losatani, na baada ya wiki tatu kikohozi kikatoweka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpima presha na kumrudishia dawa ile ile kila mwezi, na kadi yake ilikuwa mikononi mwangu. Mpaka leo nikiona neno enalaprili kwenye kadi, naanza kwa kuuliza juu ya koo.

Kikohozi hicho humpata kiasi cha mtu mmoja kati ya kumi wanaotumia ukoo wa "pril." Hutokea kwa sababu dawa huzuia mwili kuvunja kemikali fulani kwenye mapafu, ambayo basi hujaa na kuwasha koo. Hakihusiani na kupungua kwa kinga. Ni kikavu, hakina makohozi, hakina homa. Kifua kikuu kwa upande wake huja na jasho la usiku, kukonda, homa za jioni na mara nyingine damu. Hata hivyo usijitibu kwa kusikiliza redio. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda upimwe makohozi, na ukifika taja dawa zako zote. Ikionekana ni kidonge, utabadilishiwa, hutaachwa bila.

Jambo moja la haraka kuhusu ukoo huo huo: ukiamka mdomo, ulimi au uso umevimba ghafla, hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Ni nadra, lakini sisi watu weusi hupatwa zaidi kuliko wengine. Ukishavimba mara moja, dawa ya "pril" usiiguse tena maisha yako yote.

Sasa nizungumze na wewe ambaye kinga yako kweli imeguswa na ugonjwa, kwa sababu wewe ndiwe mwenye haki zaidi ya kuuliza. Kama unaishi na virusi vya UKIMWI na una presha, dawa ya presha haitapunguza kinga yako wala haitaiharibu kazi ya ARV. Hatari iko katika mchanganyiko fulani. Ukiandikiwa Septrin pamoja na enalaprili, losatani au spironolaktoni, madini ya potasiamu yanaweza kupanda katika damu mpaka moyo ukapoteza mwendo wake, hasa kama figo ni dhaifu au wewe ni mzee. Hiyo haimaanishi usizimeze. Maana yake ni damu yako ipimwe. ARV zilizo na ritonavir ndani yake huongeza nguvu ya amlodipini na nifedipini, basi ukiona kizunguzungu na miguu kuvimba, sema. Na kama umeanza dawa za kifua kikuu, ile rifampisini inayogeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, hasa nifedipini. Presha iliyokuwa imetulia inaweza kupanda hali unameza kila siku. Watu wengi huenda kliniki ya presha Jumanne na ile nyingine Alhamisi, na kadi mbili hazijawahi kukutana. Zibebe zote mbili.

Nitataja pia wanaouza chupa za "kuongeza kinga" kwenye stendi za matatu na nje ya masoko yetu. Sisemi kila mti ni mbaya. Nyanya yangu alinitibu kwa miti. Nasema tu kwamba chupa isiyo na maelezo ya kilichomo, hakuna anayeweza kukuambia itafanya nini ikikutana na vidonge vyako. Na vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo hakuna mtu anayevihofia, hupandisha presha na kuumiza figo. Prednisoloni hufanya yote mawili: ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza kinga na tena hupandisha presha. Ajabu ni kwamba watu huinunua kwa ajili ya pumu au kuwashwa bila kuuliza, halafu wanaiogopa amlodipini.

Msikilizaji mmoja kutoka Gilgil alituandikia akiuliza kama anaweza kuchanjwa akiwa anameza dawa za presha. Ndiyo, anaweza. Dawa za presha hazizuii chanjo kufanya kazi. Chanjo ya korona ilipoanza kutolewa nchini Machi 2021, wenye presha ni miongoni mwa waliohimizwa, kwa sababu korona ikimpata mwenye presha inaweza kumlemea. Meza kidonge chako asubuhi kama kawaida, kisha uende. Mwingine wa Molo aliuliza afanye nini akiharisha na kutapika siku nzima. Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Mwili ukikauka maji, kidonge cha kukojosha na zile "pril" na "sartan" zinaweza kuumiza figo. Anza maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ufike kituoni siku hiyo hiyo, na huenda ukaambiwa usimamishe kwa siku mbili tatu mpaka unywe na kula. Atakayekuambia tarehe ya kurudia ni mhudumu. Usiibahatishe mwenyewe.

Kwa nini nalipigia jambo hili kelele? Kati ya 2007 na 2008, watafiti walizunguka Nakuru wakapima watu 4,396 wa umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao walikuwa na presha. Nusu, mpenzi msikilizaji. Ukikaa kanisani kwenye benchi ya wazee kumi, hesabu watano. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2015 nao ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wamepewa mikoba iliyo na mashine ya kupima. Akibisha hodi, mpe kiti na umnyoshee mkono. Na kama kopo lako la vidonge liko ndani ya soksi, lilete hivyo hivyo ndani ya soksi kliniki ijayo, tuyasome majina pamoja.

Wiki ijayo tutakuwa na mada ya chumvi, na jinsi ya kupika githeri ambayo mwenye presha atakula bila kuona ananyimwa. Mama wa viazi amekubali kunipa njia yake.